Nusu ya Pili ya Kamba

Mtu akija dukani kwangu akaniambia, "Dada Deuan, nipe mshipi wa samaki mkubwa, ule usiokatika kabisa," mimi humwangalia mikono kwanza. Kama haina makovu, namwambia aende akanywe maji, akapumzike, arudi kesho akiwa na akili. Mshipi usiokatika! Hivi anajua anachokiomba? Samaki wa kilo mia mbili yuko chini, yeye kilo hamsini na tano yuko juu ya mtumbwi mwembamba, na kati yao hakuna kitu kinachokubali kushindwa. Sasa nani atashindwa?

Nimeuza mishipi, ndoana na chubwi katika kijiji hiki cha mto Mekong kwa miaka ishirini na sita, tangu mwaka ule mume wangu alipoaga kwamba anakwenda Thailand kutafuta kazi, na hajarudi hadi leo. Habari ya mume naitaja sasa kwa sababu itarudi mbele. Kwa hiyo nisikilize ninaposema kuhusu mishipi, maana hapa hakuna anayeijua kunizidi.

Kuna nailoni nene ya uzi mmoja. Hiyo huvutika, na kuvutika kwake kunamchosha samaki kabla hajakuchosha wewe, ila ukiiacha juani msimu mzima inakauka na kukatika kama tambi. Halafu kuna ule wa kusuka, wa kijani, unaoletwa kutoka mjini. Ni mwembamba, hauvutiki, hauozi, na ukikupitia kiganjani ukiwa umekaza utauona mfupa wako mwenyewe. Mimi nauza nailoni, nene kama njiti ya kiberiti, pima arobaini. Wa kijani natoa shibiri tatu tu za kufungia ndoana, kwa sababu ya meno ya kambare. Zaidi ya hapo sitoi, hata unililie.

Lakini mwisho wa mshipi, pale unapofungwa kwenye kichwa cha mtumbwi, haufungwi nailoni wala wa kijani. Hapo panafungwa pamba. Kipande cha pamba kisichozidi mkono mmoja, kilichosokotwa na mama wa mvuvi au dada yake mkubwa. Samaki mkubwa huwezi kumshika kwa mikono, lazima auvute mtumbwi mpaka achoke. Akiwa mkubwa kupita kiasi, pamba inakatika, yeye anakwenda zake na wewe unarudi kwa mkeo. Ndiyo kazi yake, kukatika.

Kamba ya pamba husokotwa ndefu, kisha hukatwa katikati mbele ya watu. Nusu ya kwanza inafungwa kwenye boriti chini ya nyumba, na mvuvi ananing'inia. Watu wanahesabu. Isipokatika kabla ya kumi, inatupwa motoni na aliyeisokota anazomewa. Ikikatika, mvuvi anaanguka juu ya rundo la pumba za mpunga, watu wanacheka mpaka machozi, halafu nusu ya pili inafungwa mtumbwini. Siku hiyo tunaiita siku ya kuning'inia.

Na mwenye pamba habebi kisu mtoni. Kubeba kisu ni kumwambia aliyekusokotea kwamba humwamini, na kwetu hilo ni tusi zito. Tena Kina cha Chungu, pale samaki wakubwa wanapolala wakati wa kiangazi, kina mzunguko wa maji unaomeza mtu. Mtoto wa miaka saba anajua: kichwa cha mtumbwi kikianza kuzama, usiruke. Kaa nyuma, shika kingo mbili, ngoja. Pamba itakatika na mtumbwi utaibuka na wewe ndani yake. Tangu enzi za bibi yangu hapakuwahi kufa mtu pale.

Mdogo wangu Sithat nilimzidi miaka tisa. Mama alikufa yeye akiwa bado ananyonya kidole, nikamlea mimi, nikamlisha wali wa kunata kwa vidole hivi, nikamwoza mke mimi mwenyewe, Amphone, binti wa watu wasio na maneno mengi. Kila mwaka pamba yake nilisokota mimi.

Mwaka juzi alimpata taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa sumu, mpana kama mkeka wa kulala watu wanne. Alimvuta asubuhi nzima. Mgongo ukaonekana juu ya maji, watu ufukweni wakapiga vigelegele, na hapo hapo pamba ikakatika. Haikuwa kosa la mtu. Kukatika ndiko nilikoifunza.

Lakini kijiji kina midomo. Tui, jirani yake, mtu mnene wa kicheko kikubwa, alimbatiza jina siku hiyo hiyo. Sithat Pamba.

"Pamba, umekula?"

"Nimekula."

"Hukukatikia njiani kweli?"

Watu wangekufa kwa kicheko. Sithat naye alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili alinyamaza. Msimu ulipokaribia tena alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kukunja uso, anakunywa pombe yake ya mchele pembeni, na alianza kuvaa kisu kiunoni. Nilikiona. Niliumia.

Siku tatu kabla ya kuning'inia alikuja dukani mchana. Hata hakuketi.

"Dada, mwaka huu nisokotee pamba nzito."

"Nzito mara ngapi?"

"Mara mbili. Mara tatu. Taa yule yupo, watu wamemwona Kinani. Nampata au nahama kijiji."

"Basi hama. Pamba ya kukubeba ni ile ile."

"Dada, nakuomba."

"Sithat, mimi sisokoti kaburi la mtu. Kamuulize Tui akusokotee, si ndiye anayekuendesha?"

Kulikuwa na wanawake wawili wakichagua ndoana, na walikuwa wameacha kuchagua. Kisha mdogo wangu, niliyemfuta makamasi, akasema, "Ndiyo maana hata mume alikutoka. Kila unachokifunga wewe kinafunguka."

Ulimi hauna mfupa, lakini ule ulinivunja mimi mfupa. Wale wanawake waliweka ndoana chini, wakaondoka bila kuaga. Sithat akaondoka. Nikabaki nimeshika mzani, na moyoni nikasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja: haya, unataka kisichofunguka, utakipata.

Nilisokota kamba mbili. Ya kwanza ilikuwa pamba tupu, kama ya miaka yote. Ya pili niliiwekea moyo: nyuzi nne za mshipi wa kijani, nikazifunika kwa pamba, nikapaka maji ya wali zikakauka. Kwa macho ilikuwa pacha wa nusu ya ile ya kwanza. Nilizificha zote mbili chini ya kapu la wali. Sikutaka afe, naapa kwa maziwa ya mama yetu. Nilitaka ampate huyo samaki wake anyamaze milele. Na kama atavutwa huku na huku Kinani, akanywa maji mawili matatu, akalia jina langu, sawa, hilo pia nililitaka. Nisiseme uongo.

Siku ya kuning'inia ilikuwa na jua kali. Tangu asubuhi mto ulikuwa na rangi isiyo yake. Maji yetu ni ya kahawia, na siku hiyo yalikuwa maangavu, unaona mawe ya chini, kwa sababu huko juu kwenye mabwawa wanafungia matope na kuyaachia maji wanavyopenda wao. Wazee hawakuipenda rangi ile. Mmoja alisema samaki watakuwa na njaa, mwingine akasema watakuwa na hasira.

Zamu ya Sithat ilifika. Mbele ya watu wote nilikata kamba ya pamba tupu katikati, nikamfungia nusu ya kwanza kwenye boriti. Nusu ya pili niliiingiza mkobani na kutoa ile nyingine. Nani angeona? Wote walikuwa wanamtazama yeye anavyoruka kushika.

"Moja! Mbili! Tatu!" watu walihesabu. "Nne! Tano! Sita!"

Tap! Akaanguka kwenye pumba, miguu juu. Tui ndiye aliyecheka kuliko wote. "Pamba amekatika tena!" Na Sithat, nilishangaa, alicheka pia, akajipangusa pumba kichwani, akaja moja kwa moja mpaka nilipoketi. Akapiga magoti. Akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Dada," alisema mbele ya watu wote, "siku ile nilisema maneno ya mbwa. Sikulala tangu siku hiyo. Wewe ndiye mama yangu. Nisamehe."

Akakichomoa kisu kiunoni, akakilaza mapajani mwangu. "Hiki sikihitaji. Nifungie unavyojua wewe."

Kisha akachukua uzi mweupe, zile nyuzi mbili za pamba tunazofungiana mikononi ili roho isitoke mwilini ikatangatanga, akanifunga kwenye mkono wa kulia huku ananiombea maisha marefu. Uzi huo haukatwi kwa kisu. Unauacha mpaka uchakae udondoke wenyewe, maana kuukata ni kumkata aliyekufunga. Amphone alikuwa analia kwa furaha. Watu walisema, "Sasa hivyo ndivyo ndugu."

Na mimi? Nilikuwa na kamba ile mkononi.

Mtu mwingine angesema palepale. Angesema, "Ngojeni, nimekosea, nisokote upya." Mimi nilifikiria mitumbwi kumi na tisa iliyokuwa imefungwa pamba iliyotoka dukani kwangu mwaka ule, na kila jicho litakaloniangalia kuanzia siku hiyo. Nilifikiria wale wanawake wawili. Nikasimama, nikaenda ufukweni, nikamfungia mdogo wangu kamba yenye moyo wa kijani kwenye kichwa cha mtumbwi, watu wakipiga makofi. Nikajiambia: kuvua ni keshokutwa, baada ya mwezi mpevu. Leo ufukwe umejaa walevi. Kesho asubuhi nitashuka na ile nusu ya pamba tupu, nibadilishe, nani atajua?

Kesho yake niliamka kukiwa kumekucha, nikachukua pamba na kile kisu cha Sithat, nikashuka. Njiani nikaona mto umeshuka. Usiku mmoja tu, maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua kumi na tano, na samaki wadogo walikuwa wanarukaruka kwenye matope. Amphone alikuwa kwenye bustani yake ya ukingoni, anamwagilia vitunguu.

"Wifi, mbona mapema?"

"Sithat yuko wapi?"

"Ameshaenda. Si unaona maji? Kasema samaki wote watakuwa wamejibana Kinani, asipowahi yeye atawahi Tui." Akacheka. "Tui naye kamfuata nyuma hata hajala."

Mimi si mtu wa kukimbia, nina magoti mabovu. Siku hiyo nilikimbia juu ya mawe kama kichaa, kisu mkono huu, pamba mkono huu. Kutoka kijijini hadi Kinani ni mwendo wa kula wali na kuumaliza. Nilipofika kwenye mwamba wa juu niliwaona wote wawili. Tui alikuwa ameegesha mtumbwi wake kwenye maji tulivu. Sithat alikuwa katikati, na mshipi wake ulikuwa umeshuka wima kabisa majini, umekaza, unalia.

Samaki akikimbia, una nafasi. Taa mkubwa hakimbii. Anajibandika chini kama kifuniko cha chungu, anaanza kuvuta taratibu kuelekea kwenye mzunguko. Kichwa cha mtumbwi kilikuwa kimeinama, maji yalikuwa vidole vitatu kufika juu.

Nikapiga kelele. Maporomoko yako karibu na pale, sauti ya mtu haifiki popote. "Sithat! Ruka! Ina kijani ndani! Ruka!"

Aliniona. Nilivaa sketi yangu nyekundu, hakuweza kukosa kuniona. Akanipungia mkono. Alikuwa anatabasamu, alidhani nimekuja kumtazama.

Kisha akafanya kila kitu kama nilivyomfundisha tangu mtoto. Alirudi nyuma ya mtumbwi polepole, akakaa, akashika kingo mbili. Tui ndiye aliyekuwa karibu, na Tui ndiye aliyeniambia baadaye, maana mimi niliona tu midomo inachezacheza.

Tui alimpigia kelele, "Wee! Kata! Kata basi!"

"Sina kisu!"

"Ruka nikushike!"

"Nirukie wapi, nimezwe? Tulia, Tui. Dada ndiye aliyefunga. Inakatika sasa hivi."

Akaanza kuhesabu, kwa sauti, kama tulivyomhesabia siku iliyopita. Moja. Mbili. Tatu. Kichwa cha mtumbwi kikaingia. Sita. Saba. Maji yalikuwa kifuani mwake. Akafika kumi. Tui anasema aligeuza shingo akanitazama mimi pale juu ya mwamba, halafu akaanza upya, moja.

Hakuachia kingo. Mtumbwi ulizama naye ameukalia kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake nyumbani. Tui alizunguka pale mpaka mikono ikatoka damu kwa kafi. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu.

Mtumbwi ulipatikana siku ya tatu, chini ya visiwa vya mpakani, umeelea tumbo juu. Yeye alipatikana siku ya nne. Mshipi wa nailoni ndio uliokatika mwishowe, ukisuguliwa na mawe. Pamba ilikuwa bado imefungwa kwenye kichwa cha mtumbwi, fundo langu vile vile.

Tui ndiye aliyeuvuta mtumbwi hadi nyumbani. Alikuja dukani jioni, akanyoosha mkono, akaniwekea mezani kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Nikakifungua. Pamba ilikuwa imechanika ubavuni, na kijani kilikuwa kinachungulia.

"Watu nimewaambia mshipi ulijinasa kwenye kichwa cha mtumbwi chini ya fundo, pamba haikupata kuvutwa," alisema. Kile kicheko chake chote kilikuwa kimekwenda wapi sijui. "Mimi nilimwita Pamba mwaka mzima, Dada Deuan. Mdomo wangu nao una sehemu yake. Ndiyo maana sitasema."

"Tui..."

"Usinishukuru. Kuanzia sasa nikishuka mtoni nitabeba kisu, na nitakibeba mchana kweupe kila mtu akione. Akiniuliza mtu kwa nini, nitamwambia akuulize wewe."

Alibeba. Wengine watatu wakaiga, hawajui hata kwa nini. Hakuna aliyeniuliza. Hasira hasara, watu husema kila siku huku wanachambua mboga, lakini hasara yangu mimi haina mtu wa kuambiwa. Nilikaa mwaka mzima nauza mishipi, nakula peke yangu, na usingizi ukinichukua nasikia mtu anahesabu. Uzi wa Sithat haukudondoka. Nyuzi mbili za pamba tupu, naoga nao, naosha nao vyombo, napara nao magamba ya samaki. Umekuwa mweusi, ila umeshika.

Juzi, siku moja kabla ya kuning'inia kwa mwaka huu, Amphone alikuja. Alikuwa amekonda, amejifunga nguo kiunoni kama mwanamume anayekwenda kazini. Aliketi kwenye ngazi yangu.

"Wifi, mtumbwi nimeuziba. Nitavua mwenyewe."

"Wewe? Kinani?"

"Nani mwingine? Vitunguu havilishi mtu." Akachezea ukindu wa mkeka. "Watu wanasema wanawake hawavui Kinani. Waseme. Ila sina mama, wala sina dada. Nina wewe. Sithat kila mwaka alikuwa ananiambia, mimi siogopi, dada yangu ndiye anafunga."

Niliutazama uzi mkononi mwangu.

"Kwa hiyo nisokotee na mimi," alisema. "Nifungie kama ulivyomfungia yeye."

Nilitaka kusema sawa. Neno lilikuwa mdomoni. Ningesokota pamba tupu, angening'inia, angeanguka, watu wangecheka, na hakuna ambaye angejua lolote mpaka naingia kaburini. Nilimtazama yule mtoto wa watu aliyekuwa ameweka maisha yake mikononi mwangu kama alivyoyaweka mwenzake. Nikainuka na magoti yangu haya, nikaingia ndani, nikatoa kile kipande kwenye jani lake lililokauka, na kile kisu. Nikaviweka mapajani mwake.

Nikamwambia yote. Maneno ya Sithat dukani, nyuzi nne, kamba mbili chini ya kapu, sketi nyekundu juu ya mwamba. Niliongea mpaka jua likahama kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tano. Hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa anakichambua kile kipande kwa kucha, anatenga nyeupe na kijani, nyeupe na kijani.

Nilipomaliza alinyanyua kisu. Nilifumba macho, na kusema kweli nilikuwa tayari. Nikahisi ameushika mkono wangu wa kulia, kwa nguvu, akaugeuza kiganja juu.

Akakata uzi wa Sithat, akautia mkobani mwake, akashuka ngazi na kile kisu mkononi.